Namba Kwenye Dari ya Kasulo

Konjelateri, lile sanduku la kugandishia, ilirudi Jumanne asubuhi ikiwa juu ya pusepuse, mkokoteni wa kusukumwa. Aliyeifuata alikuwa ameweka kiganja kwenye kifuniko chake, kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Niliitambua tangu ilipokata kona, kwa sababu bado ilikuwa imevaa nailoni yake. Watu wa Kolwezi hawavui nailoni ya kitu kipya mpaka ichanike yenyewe. Mgeni akiingia lazima aone.

Mwenye konjelateri tulimwita mamu, kama wanavyoitwa akina mama wa asili ya Kasai waliofikia umri wa kuheshimiwa. Baba yake aliletwa huku kufanya kazi mgodini, bwana wake alifanya kazi hiyo hiyo mpaka alipofariki, na yeye anauza samaki wa tomsoni katika soko la Kasulo, wale wanaofika mjini wakiwa wamegandishwa ndani ya kartoni.

"Mama wa magazini," alisema mlangoni mwa duka letu kabla ya salamu, "kitu yenu ilikufa."

"Ilikufa namna gani, mamu?"

"Inanguruma, inanguruma, lakini baridi hapana. Sawa mwanaume mwenye kutoka ku pombe."

Msukuma pusepuse akacheka hadi akashika magoti. Mimi nilitabasamu kwa adabu, kisha nikamwuliza kuhusu Ijumaa, maana nilijua mambo ya Ijumaa.

Depo la samaki hugawa kartoni siku ya Ijumaa, na kila muuzaji ana zamu yake. Zamu hainunuliwi. Unaipata kwa kuja kila wiki, mvua au jua, miaka na miaka. Ukikosa Ijumaa mbili mfululizo, nafasi yako anapewa mwingine, na wanaoisubiri ni wengi. Wiki iliyopita konjelateri ilikuwa tayari imeanza kuchoka, kwa hiyo mamu hakuchukua kitu. Ijumaa moja ilikuwa imekwisha kupita. Ilibaki ya wiki hii, na ilikuwa Jumanne.

"Bwana yako aliniambia garanti mwaka muzima," akasema. "Aliniambia hapa, nasimama hapa. Sasa ni wiki ngapi?"

Zilikuwa wiki sita. Na ni kweli mume wangu alisema hivyo. Nilikuwapo. Mamu alikuwa ameuliza kama kitu chetu kina garanti kama vile vya duka la vioo, na mume wangu akajibu, "Mwaka mmoja, mamu, sawa kule kule." Alisema kwa moyo mweupe. Kwenye kartoni kulikuwa na karatasi ya garanti ya mwaka mmoja, imechapwa na kiwanda, kwa lugha nne. Tulidhani karatasi ni karatasi.

Hapa inabidi nieleze duka letu, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Hata pamoja na hilo mimi mwenyewe sikuelewa yote.

Duka letu ni chumba kimoja kwenye barabara ya soko, kina mlango wa chuma na ubao wa rangi. Tunauza feni, pasi, redio, majiko ya umeme, televisheni, na bahati ikiwapo, konjelateri mbili tatu. Vitu vyetu vinatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Kuna mfanyabiashara mmoja anayekaa mpakani, ananunua kule kwa wenye maghala, anavusha, na sisi tunachukua kwake. Tunalipa forodha na tunapewa karatasi yenye mihuri. Watoza kodi wa mji wanatujua, na wanatutembelea kuliko hata ndugu zetu.

Upande wa pili, kwenye barabara nzuri ya lami, kuna duka la wakala. Kiwanda chenyewe ndicho kilichompa haki ya kuuza katika nchi hii. Lina vioo kuanzia chini mpaka juu, kwa hiyo watu huliita duka la vioo. Konjelateri ile ile, yenye rangi ile ile na mkwaruzo ule ule wa kiwandani chini ya bawaba, kule inauzwa karibu mara moja na nusu ya bei yetu. Watu huenda kule kuifungua, kupapasa ndani yake na kumwuliza kijana wa shati jeupe maswali yote. Wakishajua kila kitu, wanakuja kuinunua kwetu.

Kwa muda mrefu niliona jambo hilo ni la kuchekesha. Sikujiuliza bei ile ya juu inalipia nini. Kama kitu ni kimoja, nilifikiri, basi kinacholipiwa ni vioo.

Tulisaidiana na msukuma pusepuse kuishusha konjelateri ndani ya duka letu. Nikapiga picha zake kwa simu, mbele, nyuma, na ile karatasi ya garanti ambayo mamu alikuwa ameitunza ndani ya Biblia. Jumatano asubuhi tukaenda mimi na mamu kwenye duka la vioo. Mume wangu alisema nitangulie mimi kwa sababu mimi najua kupanga maneno. Nafikiri aliona aibu.

Pale ndani kulikuwa na benchi la kungojea, hewa ya baridi, na fundi mwenye koti la bluu aliyekuwa akinywa chai. Mamu alimtazama sana yule fundi. Mhudumu wa huduma alikuwa kijana mpole mwenye kompyuta.

"Mama, muko na fakturi?"

Nikampa risiti ya duka letu. Akaisoma, akaiweka chini polepole, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.

"Hii haiko ya kwetu."

"Lakini mashini ni ya kwenu," nikasema. "Kiwanda ni kimoja. Karatasi ya garanti inasema mwaka mmoja."

"Inasema mwaka mmoja kwenye nchi yenye ilipelekwa. Munipe nimero ya seri, nitaangalia. Pengine kuko kosa, pengine ilitoka huku."

Nikamwonyesha picha ya nyuma ya konjelateri. Akaikuza kwa vidole viwili. Akaikuza tena.

"Nimero haiko. Kuko fasi yake tu. Safi kabisa. Nani alitoa?"

"Mi sikugusa kitu," akasema mamu haraka. "Hata nailoni iko."

Mimi nikachukua simu yangu. Mhudumu akasema kwamba kama kibandiko kimepotea, namba hiyo hiyo huwa imeandikwa pia ubavuni mwa kartoni. Tumletee kartoni. Tukashukuru, tukatoka nje kwenye jua, na tulipofika mahali ambapo kelele za malori zilitosha kunifunika, nikamwambia mamu ukweli.

Ni mimi niliyetoa kile kibandiko.

Si hicho tu. Nimevitoa vingi. Mzigo ukifika, kazi yangu ilikuwa kukaa na beseni la maji ya moto na wembe, na kubandua kila kitu kilichotaja Zambia. Wateja wetu hawasomi Kiingereza, lakini neno Zambia wanalijua, na wakiliona tu wanasema, "Hii ni ya Zambia, punguza," au wanasema ni magendo, wanaondoka. Kwa hiyo nilibandua. Nilikuwa hodari. Nilijua namna ya kuloweka gundi ili isiache ukurutu, na namna ya kupitisha mafuta kidogo baadaye. Kwenye ile konjelateri, tangazo la Zambia na namba ya kiwanda vilikuwa kwenye kibandiko kimoja. Nikang'oa chote. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mamu alinisikiliza hadi mwisho.

"Weye njo ulitoa?"

"Mimi, mamu."

"Juu ya nini?"

"Juu batu banasema ni ya Zambia."

"Na ni ya wapi?"

"Ni ya Zambia."

"Sasa ulikuwa unaficha nini, mutoto yangu?"

Mpaka leo nikijiuliza swali hilo najikuta nazunguka. Konjelateri haikuwa ya bandia. Haikuwa ya wizi. Forodha ililipwa. Nilikuwa naficha jambo ambalo halikuwa kosa, na kwa kulificha nikatengeneza kosa.

Ilibaki kartoni. Kartoni za duka letu hazitupwi. Kartoni ya konjelateri ni kubwa na nene, na watu huweka oda yake mapema, kwa sababu ukiikata na kuipigilia chini ya bati inakuwa dari. Inazuia joto, inazuia vumbi la malori, na mvua ikinyesha mnaweza kusikilizana ndani ya nyumba. Mzigo ule ulikuwa na konjelateri tatu, na ya mamu ilikuwa ya mwisho. Nilipoanza kujilazimisha kukumbuka, mamu alinitangulia.

"Yule muke wa mimba. Aliifunga, akaibeba ku kichwa, mi nikiwa palepale. Nikamwambia, mama, utaanguka. Akaniambia, mamu, niache, mutoto anakuja na sina plafo."

Mamu alijua hata anapokaa, kwa sababu baadaye alimwuzia samaki. Tukaenda Kasulo siku hiyo hiyo.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya parseli, kiwanja chenye ukuta mrefu wa mabati. Uwanjani palikuwa na shimo la kuchimbia madini lililofunikwa kwa mbao na turubai, na watu walilipita bila kuliangalia, kama unavyolipita jiko. Yule mwanamke alitupokea na mtoto begani; mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, ana wiki tatu. Bwana wake alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwa ametoka shimoni asubuhi.

Nikaeleza shida yetu. Nilipofika kwenye neno kartoni akakunja uso.

"Mama, munakuja kutoa plafo ya mutoto?"

"Hapana, hapana. Tunataka kuisoma tu."

"Kuisoma!" Akageukia mlango wa ndani, akasema kwa sauti kubwa, "Baba, amuka, batu banakuja kusoma nyumba!"

Kutoka ndani sauti nzito ikajibu kwamba wasome taratibu.

Dari ilikuwa imetengenezwa vizuri. Kila msumari ulikuwa umepitishwa kwanza kwenye kizibo cha soda ili kichwa chake kisichane kartoni. Chini yake kulikuwa na kitanda, na juu ya kitanda, kichwa chini miguu juu, kulikuwa na picha ya konjelateri, mshale, picha ya glasi ya kuvunjika, na kibandiko cheupe chenye mistari myeusi na tarakimu. Nilivua viatu, nikapanda kwenye kiti kilichowekwa juu ya kitanda. Mamu akanishika kiuno, mama mtoto akashika kiti, mtoto akashikwa na shangazi mmoja aliyeingia kuuliza kuna nini.

Nikasoma kwa sauti, mamu akarudia, shangazi akaandika kwenye simu yake. Tulikwenda vizuri mpaka tarakimu ya tatu kutoka mwisho. Hapo palikuwa na kizibo cha soda.

"Naomba nitoe kizibo kimoja tu, mama."

"Mutarudisha?"

"Tutarudisha."

Bwana wa nyumba mwenyewe alitoka na kipande cha nondo, macho mekundu, akapanda kwenye kiti, akakibandua kizibo kwa ustadi, akasoma mara mbili. Akashuka.

"Ni tatu," akasema. "Ao ni nane."

Nikapanda tena. Msumari ulikuwa umepita katikati kabisa ya tarakimu. Upande wa kulia ulionekana: matumbo mawili, moja juu ya jingine. Upande wa kushoto karatasi ilikuwa imechanika kuuzunguka msumari, na kutu imeingia. Kama matumbo yale yalifungwa, ilikuwa nane. Kama yalikuwa wazi, ilikuwa tatu. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Nikatumia tochi ya simu. Shangazi naye akapanda, akasema ni tisa, akaambiwa ashuke.

Kabla ya kuondoka tulirudisha kizibo. Bwana wa nyumba alikipiga msumari mwingine pembeni, akarudi kulala.

Alhamisi tulikuwa wa kwanza kwenye benchi la duka la vioo. Nilimweleza mhudumu kila kitu, pamoja na habari ya wembe wangu, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuficha. Hakucheka. Akasema, "Tutajaribu zote mbili." Akaandika namba yenye tatu, akasubiri. Akaandika yenye nane, akasubiri. Kisha akageuza uso wa kompyuta kidogo kuelekea kwetu, ingawa sisi hatukuweza kuona mengi.

"Yenye tatu ilipelekwa Zambia. Garanti yake ni kule kule, huku siwezi kuigusa. Yenye nane ni ya kwetu. Iliuzishwa hapa, ku magazini hii, kwa kliyani, mutu wa hapa Kolwezi. Garanti yake bado inatembea. Ikiwa ni hii, fundi anakuja na kompresa leo mangaribi, bila kulipa." Akaweka mikono juu ya meza. "Sasa munisaidie. Ya kwenu ni gani?"

Sijui kama alikuwa anatuuliza au anatupa njia. Nimemfikiria sana yule kijana. Risiti yetu alikuwa ameiona jana, alijua kwamba si ya kwao. Lakini aliuliza kwa utulivu, kidole kimoja juu ya kitufe, na macho yake hayakusema lolote.

Nami nilijua. Karatasi ya Kasumbalesa tulikuwa nayo. Kitu chetu hakikupita dukani kwake hata siku moja. Lakini macho yangu mwenyewe, juu ya kile kiti, hayakuona tatu wala nane. Ningesema nane, ningekuwa nasema uwongo kwa kichwa lakini si kwa macho. Nilijua pia kwamba kesho ni Ijumaa. Nikafungua mdomo, na sikumbuki ni tarakimu ipi iliyokuwa inatoka.

"Tata," mamu akanikatiza, akimwambia mhudumu. "Huyu wa nane. Yake inafanya kazi?"

"Ile hatujasikia malalamiko, mama."

"Na siku itakufa, atakuja hapa?"

"Atakuja."

"Utamuambia nini?"

Mhudumu akatazama kompyuta. "Sistemu itasema kompresa yake tulishabadilisha."

"Lakini haikubadilishwa."

"Sistemu itasema ilibadilishwa."

Mamu akaitazama kompyuta. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, magotini.

"Pengine naye anauzishaka samaki," akasema. "Andika tatu."

Mhudumu aliandika, na garanti ikatukatalia kwa herufi nyekundu. Yule fundi wa koti la bluu alitufungulia mlango tulipotoka.

Njiani nilitembea nyuma ya mamu. Mamu ndiye aliyekuwa na hasara, na ndiye aliyeikataa dawa. Na mimi niliyeleta ugonjwa ndiye niliyekuwa tayari kumnywesha dawa ya mtu mwingine.

Mume wangu alimpigia simu yule mfanyabiashara wa mpakani akiwa ameweka spika ili nisikie.

"Tata, ile konjelateri ilikufa."

"Pole sana, tata. Mi si kiwanda, unajua."

"Ya kuibadilisha?"

"Sina hata moja. Bei ya kule ilipanda, siku hizi naleta majiko tu. Lakini garanti iko, tata! Garanti ni ya kweli! Leteni mashini Zambia, batatengeneza bure."

Mume wangu akauliza itavukaje. Yule akaeleza kwa furaha kabisa: mtalipa gari mpaka Kasumbalesa, mtaandikisha kwamba kitu kinatoka nchini, kitatengenezwa, kikirudi mtaandikisha kwamba kitu kinaingia nchini, na forodha itataka haki yake kama vile ni kipya. Tulipojumlisha, matengenezo ya bure yalikuwa ghali kuliko kuinunua konjelateri nyingine kwenye duka la vioo. Mume wangu akakata simu, akaniuliza, "Sasa hiyo bei ya kule ilikuwa ya nini?" Nikamwambia ilikuwa ya fundi wa koti la bluu, anayekunywa chai siku nzima akingoja vitu viharibike. Sisi tuliuza bila yeye, tukamwahidi mteja kwamba yupo.

Nilisema hivyo kama mtu aliyeelewa. Dakika moja baadaye nilikuwa nimechanganyikiwa tena, kwa sababu bila bei yetu mamu asingeweza kamwe kupata konjelateri, na bila konjelateri asingekuwa na chochote cha kuharibika.

Mchana huo tukamwita frigoristi wa mtaa, mzee wa mashine za baridi ambaye kibanda chake kimejaa mifupa ya mafriji. Alipoisikia konjelateri ikinguruma alitikisa kichwa. "Kompresa ilikufa. Kuriye ya umeme ilikuja na nguvu, ikaipiga. Huku kuriye ni sawa mbuzi ya kamba ndefu." Akasema kompresa ya aina hiyo hiyo haipatikani ila kwa wakala, na wakala hatoi ila kwa mwenye namba. Lakini anayo nyingine, ya kiwanda kingine kabisa, iliyotoka kwenye mashine ya zamani, na bado ina pumzi.

"Itapona?" mamu akauliza.

"Itafanya baridi. Sauti njo itabadilika."

"Sauti sitaikula."

Tulimlipa sisi, hilo halikuwa na mjadala. Alifanya kazi mpaka jioni, akarudi Ijumaa asubuhi kuweka gesi. Saa tano iliwashwa. Ilikohoa, ikatetemeka, kisha ikaanza kuvuma kwa sauti ya chini isiyokuwa yake. Mamu alifungua kifuniko, akaingiza mkono, akakifunga, akaketi juu ya ndoo kungoja. Saa nane ukuta wa ndani ulikuwa na umande mweupe. Mamu akakifunga kifuniko. Alijifunga kitenge upya, akatoka kwenda depo, nasi tukaipeleka konjelateri kwake kwa pusepuse. Nilisikia baadaye kwamba alifika mlango ukiwa nusu umefungwa, akachukua kartoni nne, wa mwisho katika mstari, lakini ndani ya mstari.

Jumamosi alirudi dukani, na safari hii alisalimia kwanza.

"Nakuja juu ya garanti."

Nikashtuka. "Imekufa tena?"

"Iko muzima. Inaimba sawa kwaya ya baba ku kanisa. Lakini ile karatasi ya kiwanda haina kazi. Nataka ya kwenu."

Nilichukua karatasi safi, nikaipiga mhuri wa duka, nikaandika tarehe na aina ya mashine. Kisha kalamu ikasimama. Niandike nini? Kompresa haikuwa ya kiwanda kile. Kibandiko hakikuwapo. Namba nilikuwa nayo, isipokuwa tarakimu moja. Miezi kumi na mbili? Sita? Mume wangu akasema mitatu. Nikamwuliza mamu yeye angetaka miezi mingapi.

"Miezi ya nini? Miezi inapita. Andika munakaaka wapi."

"Duka unalijua, mamu."

"Magazini inafungaka. Leo iko, kesho ni ya mutu mwingine, anauzisha simu. Mi nataka nyumba. Mashini ikikufa, nikuje nikukute unakula."

Nikaandika: mashine hii ikiharibika, aje kwetu. Nikaandika mtaa, avenyu, namba ya parseli, rangi ya mlango. Akaisoma kwa kunong'ona, neno moja moja, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

Jumapili, baada ya misa, tulikuwa tumeketi mezani tukasikia mtu anapiga hodi. Mume wangu alitoka, akarudi amechanganyikiwa. "Ni mamu wa samaki. Anasema anakuja kuangalia tu."

Alisimama katikati ya ua akiwa na nguo zake za kanisa. Aliutazama mlango, akautazama tena kwenye karatasi, akaridhika na rangi. Akahesabu vyumba kwa macho. Akaona bugali na sombe ya majani ya muhogo mezani, akatutakia mlo mwema, akakataa kiti.

"Na hapa ni kwenu," akauliza, "ao munapangaka?"

"Tunapanga, mamu."

Akafungua Biblia, akatoa ile karatasi, akaniwekea mkononi pamoja na kalamu yake.

"Basi ongeza na jina ya mwenye nyumba."